Kobe na Wimbo Uliokimbia

Shemeji yangu tulimwita Kobe, na kwa jina hilo hakuonewa. Alitembea taratibu, alikula taratibu, na ukimsalimia asubuhi jibu ulilipata ukiwa umeshampita. Siku dada yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, baba alimuuliza swali moja tu: "Kijana, unafanya kazi gani?" Tukangoja. Mama akaenda jikoni, akageuza chakula, akarudi. Ndipo jamaa akasema, "Nasuka mota, mzee."

Baba akaniinamia sikioni. "Huyu akitaka kugombana na dada yako," akasema, "mpaka aanze, mwenzake atakuwa ameshalala." Ndoa ikapita.

Kwa asiyejua, kusuka mota ni hivi: mota ya pampu au ya mashine ya kusaga ikiungua, fundi anaifungua, anatoa waya wote wa shaba uliokaangika, halafu anazungusha waya mpya, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ijae kama ilivyokuwa. Ukiwa na haraka utarudia kesho. Kibanda chake kilikuwa kimegusana na banda langu la kunyolea, katikati ukuta wa mbao tu, kwa hiyo wateja wangu walitoka wamenyolewa vizuri huku wananukia vanishi kama makabati mapya.

Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Iliyomtesa ilikuwa gitaa.

Gitaa lenyewe alilinunua likiwa maiti, kutoka bendi ya hoteli iliyosambaratika. Ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi, inayonasa sauti na kuipeleka kwenye spika, waya wake ulikuwa umeoza. Mtu mwingine angetafuta nyingine. Kobe akaisuka mwenyewe, kwa waya mwembamba kama unywele, na akapitiliza, akajaza waya mwingi kuliko inavyotakiwa. Alipolichomeka kwenye spika likatoa sauti nene, ya kukwaruza, kama mtu aliyelia sana halafu anaombwa aeleze nini kimemliza.

"Limeharibika," nikamwambia.

Akalisikiliza mpaka likanyamaza lenyewe. "Hapana, shemeji," akasema. "Sasa ndiyo limepona."

Muziki aliopenda aliuokota kwenye santuri za fundi redio wa mtaa wa pili. Wenyewe wanauita bluzi, na ukiongezewa makelele unaitwa roki, na Kobe alivitaka vyote viwili kwenye sahani moja. Mimi niliuita muziki wa kuumwa jino. Alikuwa anavuta uzi mmoja, sauti inapanda, inapanda, inakaa huko juu inatetemeka. Ungeweza kumwacha pale, ukaenda dukani kununua sabuni, ukagombania chenji, ukarudi ukamkuta bado yuko kwenye sauti ile ile. Akaunda kibendi na seremala mmoja aliyepiga dramu na dereva wa lori aliyepiga gitaa la besi. Mwimbaji alikuwa dada yangu.

Dada yangu alikuwa na sauti ya chini sana. Akipokea simu, watu walimwambia "Shikamoo, mzee," naye alikuwa anaitikia "Marahaba" bila kujali, anauliza shida yao. Tangu utotoni alionea haya sauti hiyo. Shuleni walimfukuza kwenye kwaya kwa kuwa alikuwa anawapoteza wavulana. Kobe ndiye mtu wa kwanza aliyemsikia akiimba, akaweka chini koleo aliloshika, akasema, "Naomba tena." Nadhani ndiyo hapo alipoolewa. Kule kwa baba ilikuwa kutafuta mhuri tu.

Wakapata binti mmoja. Alianza kuongea kabla hajajua kutembea na hakuwahi kupumzika, tukamwita Chiriku. Hapo wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku, wakaacha kuitana majina mengine. Mtoto alikuwa anashinda kibandani kwa baba yake, amekaa juu ya gurudumu la waya, anamhoji. "Baba, hii mota inaumwa? Baba, inalia? Baba, nani kaichoma?" Kobe jibu la swali la kwanza lilikuwa linatoka wakati mtoto yuko swali la saba. Walielewana sana.

Chiriku alikufa kwa homa, wiki ya mvua. Asubuhi aliamka anapiga kelele kama kawaida, mchana akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikowashtua. Wakamkimbiza hospitali. Hawakurudi naye.

Sasa, asubuhi ile kabla ya homa kupanda, dada yangu alikuwa amefua. Waliporudi, mimi nikiwa nimewashika mkono huku na huku, mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, na vigauni vya mtoto vilikuwa vimening'inia kwenye kamba uani, vimekauka vizuri kabisa. Watu wameshaanza kukusanyika mlangoni. Dada yangu akawapita wote, akaenda kwenye kamba, akaanza kuanua. Kimoja kimoja. Anakunja, anaweka begani, anaanua kingine. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Kobe alisimama nyuma yake, akawa anapokea vibanio.

Baada ya hapo watu waliacha kumwita Mama Chiriku, kwa huruma. Walimwita dada, walimwita jirani. Kobe peke yake ndiye aliyeendelea, na dada vilevile aliendelea kumwita mumewe Baba Chiriku, na ukikaa nao ungeona kwamba wanapeana kitu kila wanapoitana.

Wimbo ulitoka huko. Dada yangu alikuwa hajui kutunga, lakini siku moja akiwa anaosha vyombo akaanza tu, kwa ile sauti ya chini, taratibu kabisa:

*Nimeanua nguo zako, zimekauka zote,*
*nimezikunja, nimezipanga, utakuja vaa lini?*

Kobe alikuwa mlangoni. Akachukua gitaa, akaweka sauti moja hapa, moja kule, kama mtu anayeweka miguu kwenye chumba alicholala mgonjwa. Ndivyo ulivyokuwa wimbo ule. Ulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetoa vibanio kwenye kamba. Mimi muziki siujui, na ule niliuelewa wote.

Dereva wa lori ndiye aliyeng'ang'ania urekodiwe. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro yaliyochoka. Fundi mitambo tulimwita Hedifoni, kwa sababu vile vidude vya masikioni alikuwa havivui hata akinywa chai. Siku hiyo umeme ukakatika, akawasha jenereta ya mwenye duka. Jenereta yenyewe ilikuwa mgonjwa wa kifua: inakoroma, inavuta pumzi, inakoroma.

Waliimba mara moja. Hedifoni akasema turudie kwa usalama.

"Hapana," dada yangu akasema. "Mimi huko siendi mara mbili."

Basi akarudisha tepu mwanzo, wakasikiliza. Ikatoka sawasawa, kila kitu mahali pake. Hedifoni akavua vidude vyake, mara ya kwanza katika historia, akafuta macho. "Jamani," akasema. Kobe akasema, "Huu ndio wenyewe." Wakarudi nyumbani wamepoa.

Kumbe mashine ile ya tepu ilikuwa inazungushwa na mota, na mota ilikuwa inakula umeme wa jenereta mgonjwa, kwa hiyo ilizunguka kivivu. Tepu ilipita polepole wakati wa kurekodi, ikapita polepole vilevile wakati wa kusikiliza, mambo yakalingana, nani angejua? Kesho yake umeme ukarudi. Mashine ikazunguka kwa nguvu zake zote. Hedifoni alikuwa na haraka zake, akatoa nakala bila kuisikiliza, akaipeleka redioni.

Nilikuwa namnyoa mteja, nimefika nusu kichwa. Mtangazaji akataja jina la kibendi chetu, nikaongeza sauti ya redio nikiwa nimejaa kiburi. Ukatoka wimbo unakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji. Gitaa linacheka. Dramu zinaruka kamba. Na juu yake sauti nyembamba ya kitoto, mtoto wa shule kabisa, anaimba kwa furaha: *Nimeanua! Nimeanua!*

"Aah, huu mtamu," mteja wangu akasema, akaanza kugonga mguu. "Nani huyu binti?"

Upande wa pili wa mbao kiti kikaanguka. Halafu Kobe akatokea mlangoni kwangu anahema. Kibanda kimegusana na kibanda, lakini alikuwa amekimbia. Waya wa shaba ulikuwa bado umemning'inia mkononi, akautazama, akaitazama redio.

"Mota," akasema. "Mota ilizunguka polepole, shemeji. Nilikaa mle ndani. Mimi. Nikasikiliza na sikusikia."

Dada yangu wimbo ulimkuta bombani, amepanga foleni ya maji, kwenye redio ya jirani. Aliniambia hakujua kama ni yeye. Alisikia sauti ya mtoto wa kike inaimba maneno yake. "Pale mwanzo," akaniambia, "kidogo tu, nikadhani ananijibu." Akajitwisha ndoo yake, akarudi nyumbani. Yaliyobaki hakuniambia.

Kobe alikwenda kwa Hedifoni. Hedifoni alijuta kweli, nisimseme vibaya, lakini alishapigiwa simu na redio nzima. "Mzee, watu wanauomba asubuhi, mchana, jioni. Ukienda kuwaambia sio wenyewe, watakuuliza huo wako unawahusu nini." Na redioni mtangazaji akamjibu kwa heshima kwamba kilichopendwa kimependwa.

Ukawa wimbo wa mji. Watu wakautungia na uchezaji: mkono mmoja juu, unatoa kibanio, unaanua, mkono wa pili juu, unaanua, unakunja, unazungusha kiuno, unaanza upya. Wakauita Anua. Ukumbi uliokuwa unakipa kibendi chetu saa ambazo watu bado wanakula, sasa ukakiita Jumamosi jioni.

Jumamosi ile ya kwanza Kobe aliamua aupige kama ulivyo. Wakaanza, taratibu, gitaa linakwaruza, dada yangu kafumba macho. Watu wakatazamana. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti:

"Umeme mdogo!"

Ukumbi mzima ukacheka. "Umeme mdogo! Ongezeni umeme! Mwenye ukumbi, lipia bili!" Wengine wakawa wanacheza kwa kujikokota, kama redio iliyoishiwa betri, na nakuambia ukweli walichekesha. Ungekuwa hujui ungecheka na wewe. Vizibo vya chupa vikaanza kuruka.

Mwenye ukumbi, bwana mmoja mnene mwenye taulo shingoni, akapanda jukwaani. "Nyie vipi? Mimi nimewaalika nyie au nimealika matanga?"

"Ndio wimbo wenyewe, mkubwa," Kobe akasema.

"Wenyewe uko redioni. Huu umeumwa."

Wakaupiga wa redioni. Kobe akabana shingo ya gitaa kwa kibano ili sauti zipande, seremala akaongeza mwendo, na dada yangu akapanda kuitafuta sauti ambayo Mungu hakumpa. Aliipata kwa kuikamua. Watu wakalipuka. Mbele kabisa mama mmoja mwenye mwili wake, roho yake safi, alikuwa anaanua kwa mikono miwili huku jasho linamtiririka, anamwita dada yangu, "Mwanangu, umetuponya!"

Wakati wa mapumziko nikawakuta nyuma ya jukwaa, kwenye makreti. Dada yangu alikuwa anakunywa maji ya moto.

"Baba Chiriku," akasema. "Wale wanacheza nguo za mtoto wangu."

Kobe akamshika mkono. Kwa mara ya kwanza alijibu upesi. "Siku moja tutaupiga ule wenyewe, Mama Chiriku. Mbele za watu, mwanzo mpaka mwisho, na watanyamaza wausikie. Nakuahidi."

"Hiyo tu," dada akasema. "Hiyo moja nipe. Mengine yote wachukue."

Nimeona watu wakitaka nyumba, wakitaka magari. Yeye katika maisha yake sikumsikia akitaka kitu kingine tena.

Alikamua sauti ile Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka siku moja ikakatika katikati ya neno. Daktari akamwangalia kooni, akasema kumeota vinundu, anyamaze. Akanyamaza msimu mzima, akawa anaongea kwa mikono na kwa kunigongea sufuria. Ilipomrudia, haikuwa ile ya redioni na haikuwa ile ya mwanzo. Ilikuwa mkwaruzo.

Kibendi kikatafuta binti mwingine, mwembamba, mwenye sauti ya filimbi. Wimbo ule ulimkaa kama alitungiwa yeye. Kobe alisita kumchukua. Dada yangu ndiye aliyemsukuma. "Aimbe," akasema kwa mkwaruzo wake. "Ataumia nini? Yeye hana cha kuanua."

Hapo ikaanza ile miaka. Kobe mchana anasuka mota, wikiendi anakimbiza Anua. Harusini Anua. Kuzindua duka, Anua. Kibendi kilikuwa na nyimbo nyingine, bluzi nzito nzuri za kuumwa jino, akizianzisha watu wanakwenda msalani. Wakisikia Anua wanarudi mbio hawajafunga vizuri zipu. Akapiga mpaka ikawa akipiga anaweza kuongea na mtu pembeni, anaweza kutazama saa ya ukutani, anaweza kuwaza waya aliouacha kibandani. Vidole vyenyewe vinakwenda.

Nyumbani gitaa lilikaa nyuma ya mlango. Mara moja moja dada alikuwa anamuuliza, "Lini?"

"Wakiuchoka, Mama Chiriku. Wakishauchoka ndiyo watasikiliza."

Hawakuuchoka. Iliyochoka ni dunia: bendi zikaisha, mtu mmoja na kompyuta yake akawa bendi, binti wa filimbi akaolewa mbali, ukumbi ukageuzwa ghala la mbolea. Kobe kichwa kikawa cheupe, mimi mwenyewe namnyoa. Akabaki na mota zake, nadhani kwa nafuu kidogo.

Halafu akaja mama mmoja nadhifu kutoka manispaa. Walikuwa wanaandaa onyesho la wanamuziki wa zamani, mchana, ndani ya ukumbi wenye viti, watu wamekaa. Akamkuta Kobe ameinamia pampu.

"Mzee, tunakuomba wewe na mkeo, mtupigie ule wenu."

Kobe akanyanyuka taratibu. "Upi?"

"Ule wenu. Mpige mtakavyo wenyewe, ni heshima yenu."

"Tutakavyo?"

"Mtakavyo."

Nikasikia kupitia mbao akikaa chini, kiti kikalia.

Wakafanya mazoezi jikoni. Na hapa sina utani. Mkwaruzo ule wa dada yangu ulikuwa umeshuka na umri, ukawa chini kuliko zamani, na wimbo ule uliposhuka nao ukakaa. Nilikuwa napita dirishani na taulo za kuanika, nikasimama. Vile alivyosema *utakuja vaa lini* haikuwa kuimba tena. Alikuwa anauliza. Kobe alikuwa anamfuata nyuma na gitaa, sauti moja hapa, moja kule, macho hayamtoki mkewe usoni. Nikaingia na taulo zangu, nikakaa juu ya gunia, na hakuna aliyenifukuza. Jikoni pale wawili peke yao hawakukosea hata mara moja.

Ile siku ukumbi ulijaa wazee wenzetu. Waliokuwa wanarusha vizibo sasa wana fimbo na miwani. Seremala alishatangulia mbele ya haki na dereva wa lori alishaacha besi siku nyingi, kwa hiyo ilikuwa gitaa na sauti tu. Kobe akasogea kwenye maikrofoni, mtu ambaye hajawahi kuhutubia hata kuku.

"Huu mnaujua," akasema. "Lakini hamjausikia. Ulikuwa wa mtoto wetu. Tunaomba mtusikilize."

Wakanyamaza. Nataka hilo lieleweke, watu walinyamaza kweli. Ubeti wa kwanza ukaenda kwa mwendo wake, na ungesikia mtu anameza mate. Mbele yangu mzee mmoja alivua kofia. Nikasema moyoni, dada, umepata.

Ubeti wa pili dada akafika kwenye *nimezikunja*, sauti ikamkwama kidogo, akanyamaza avute pumzi. Ilikuwa pumzi tu. Lakini kiti cha mbele alikaa bibi mmoja, machozi yamemjaa, akaona mwenzake kaelemewa. Akaanza kumpigia makofi, amsaidie. "Twende, mama! Usichoke, mama yetu!" Na makofi yenyewe anayajua yapi? Aliyajua ya redioni, ya mwendo wa mbio. Wa pembeni yake akapokea. Safu ya pili ikapokea. "Tuko na wewe, mama!" Mikono ikaenda juu, mikono ya watu wazima yenye baridi yabisi, inaanua, inaanua, na nyuso zinalia. Sijawahi kuona watu wanampenda mtu kiasi kile.

Dada alikuwa hajashtuka. Alifumba macho, akasubiri gitaa limrudishe. Ndipo nikamwangalia Kobe.

Uso wake ulikuwa kwenye wimbo wao. Macho yako kwa mkewe, mdomo unatamka maneno yake, polepole. Na vidole vilikuwa vimeondoka na makofi. Vinakimbia. Vilishajiunga na watu muda, vinacheka kwenye nyuzi kama kila Jumamosi ya Mungu, na mwenyewe hana habari.

Dada akafumbua macho. Hakuwatazama watu. Alitazama vile vidole.

Kobe akafuata macho yake, akainama, akaviona. Aliviangalia kama mtu anayemwona mtoto wa jirani amepanda juu ya meza yake. Akavikamata, akavirudisha nyuma, vikaenda hatua kadhaa kwa heshima, vikaponyoka tena.

Dada yangu akairudisha maikrofoni kwenye kishikio chake, taratibu, akakaa kwenye kiti kilichokuwa nyuma yake, akawaacha watu wamwimbie. Wakaimba mpaka mwisho. Walipomaliza wakapanda kumkumbatia, na kila mmoja alimshukuru, kila mmoja alimwuliza hali ya nyumbani.

Tulirudi kwa miguu sisi watatu, jua bado kali. Kobe kabeba gitaa halina mfuko.

"Mama Chiriku, nisamehe. Ni mikono. Sikujua kama—"

"Najua hukujua."

Tukapita duka la vitambaa, tukapita bomba.

"Wale siwalaumu," dada akasema. "Wao waliukutia redioni. Lakini wewe ulikuwepo wakati naanua."

Hakusema kwa ukali. Ukali ungesaidia. Tangu siku ile akaacha kumwita Baba Chiriku. Hakununa, alimpikia, alimchekea, alimfulia mashati, lakini akimwita alimwita Kobe, kama sisi wengine. Na Kobe alikuwa anaitika.

Akahamishia gitaa kibandani. Kila akifunga kazi nilikuwa namsikia upande wa pili wa mbao: anaanza taratibu, mstari wa kwanza, wa pili, halafu vidole vinakimbia, ananyamaza. Anaanza upya. Alijaribu kujifunga kitambaa kwenye kiganja. Alijaribu kupiga kwa dole gumba peke yake. Mteja wangu mmoja mgeni akasikiliza wembe ukiwa shingoni mwake, akaniuliza, "Jirani yako ndiyo kwanza anajifunza gitaa?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo kwanza."

Dada alianza kuumwa mwaka uliofuata, kifua. Siku za mwisho Kobe alilirudisha gitaa nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaliweka pajani. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Alipotaka kugusa nyuzi, dada akanyoosha mkono, akaulaza juu ya nyuzi zote.

"Acha," akasema. "Litakimbia. Kaa tu."

Akakaa. Mkono ule ulibaki pale mpaka mgonjwa akapitiwa na usingizi, na Kobe hakulisogeza gitaa asije akamwamsha.

Tulimzika asubuhi, kando ya mwanawe. Watu walikuwa wengi, wengine tusiowajua kabisa, waliokuja kwa ajili ya wimbo. Kabla ya kufukia, dereva wa lori, mzee sasa, anatetemeka magoti, akaja na lile gitaa. Alikuwa amelifuata nyumbani kwa wema wake mwenyewe, na kaspika kadogo ka betri.

"Kobe, ndugu yangu," akasema. "Mpigie mkeo. Ule wake."

Watu wakasogea. Kobe akalipokea. Akaweka mkono wa kushoto kwenye shingo ya gitaa, akautazama kwa muda mrefu, halafu akautoa.

"Siujui," akasema.

"Hata kidogo tu, bwana. Mstari mmoja."

"Siujui huo," Kobe akasema. "Aliyekuwa anaujua ni huyu."

Akamrudishia gitaa. Dereva wa lori akasimama nalo kidogo, hajui alipeleke wapi, mwisho akaliegemeza kwenye gari, akaja tukashika makoleo.